Moshi Kwenye Diski

Godhana alikuwa na mdomo, hilo Garsen nzima ilikuwa ikilijua. Alikwenda Mombasa akakaa miezi mitatu kwenye chuo cha kompyuta kilichokuwa juu ya duka la vitambaa, akarudi na cheti, kalamu mbili mfukoni mwa shati, na mwendo ambao hakuondoka nao. Ukimuuliza habari za Mombasa, anakujibu kompyuta. Ukimuuliza hali ya mamake, anakujibu kompyuta. Lakini kazi, wapi! Mwaka wenyewe ulikuwa wa tisini na nane, mafuriko ya Elinino yamepita juzi tu, watu bado wanachimba matope kwenye nyumba zao. Nani angemwajiri mtu wa kubonyeza vidude?

Aliyempatia kazi ni Barwako, mdogo wake mamake. Lishikeni hilo, msilisahau.

Barwako alikuwa akifagia ofisi ya shirika moja la misaada ya mafuriko. Hakuzaliwa na ufagio mkononi. Alikuwa mwanamke wa Kiorma mwenye ng'ombe wake, mwenye vibuyu vyake, anayeamka kukamua na kulala akisikia kengele za mifugo. Maji yakabeba baadhi ya wale ng'ombe, maradhi yaliyokuja nyuma ya maji yakamaliza wengine, akabakiwa na mmoja wa maziwa na binti mmoja wa darasa la saba, Fardosa. Ufagio ule ndio uliomweka mjini, na ndio uliomweka Fardosa shuleni. Ukiutoa, hakuna kilichobaki cha kushika.

Mwanamke huyo ndiye aliyekaa siku tatu mlangoni kwa Bwana Khalid, mkuu wa ofisi, akirudia neno moja: "Bwana, mtoto wangu amesoma mashine. Jaribu yeye." Siku ya tatu Bwana Khalid alichoka kumruka kila anapoingia, akakubali.

Bwana Khalid alikuwa mtu wa Kipini, nadhifu, Kiswahili chake cha kwao kimenyooka kama shati lake. Hakuwahi kumpigia mtu kelele. Alikuwa akikutukana kwa upole mpaka ukamshukuru, halafu ukifika nyumbani ndipo linakuchoma. Alimwita Godhana, akamwonyesha kompyuta kuukuu iliyoletwa kutoka Nairobi baada ya kuchokwa na ofisi nyingine, akamwonyesha na kisanduku cha diski kumi na tatu zilizokuwa stoo tangu kabla ya mafuriko.

"Fomu mpya za Nairobi hazifunguki humu," akasema. "Zataka Windows mpya, na Windows yenyewe ni hizi diski. Ijumaa wanakuja wageni. Wakiikuta yafanya kazi, nakuandikia barua ya kazi ya kudumu. Wakiikuta imelala, mwanangu, utakwenda zako kwa mamako, na hicho cheti mtakifanyia kawa ya kufunikia wali."

"Mzee, hiyo ni kazi ya asubuhi moja," akasema Godhana.

Mdomo huo! Na haukuishia hapo. Jumatatu ile, jenereta ikinguruma nje, akaifungua mashine mbele ya watu wote: mbele ya Bwana Khalid, mbele ya Swabra mpiga chapa, mbele ya watu waliopanga foleni dirishani wakingoja kadi za chakula. Akatoa mfukoni kijiti cha memori alichokinunua Mombasa kwa muuza vyuma vya mtumba, amekifunga kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Akakiinua juu wakione.

"Hii mashine imezeeka, haina kumbukumbu ya kutosha. Naiongezea akili."

Akakipachika ndani, pembeni mwa vile vya zamani. Barwako aliacha kufagia akapiga kigelegele, watu dirishani wakacheka, Godhana akafunga mashine kama daktari aliyemaliza upasuaji. Kuongezewa akili kwenyewe hakukuwa lazima, mashine ingejikokota hivyo hivyo. Alitaka tu kuonekana.

Akaanza kuingiza diski. Ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu. Ilipofika ya tisa, mashine ikaguna, ikaandika kwenye kioo kwamba kuna kitu hakisomeki, ikanyamaza. Akairudisha mwanzo. Safari hii ikafa kwenye ya nne. Jumanne asubuhi akaanza tena na Bismillahi, ikamfikisha mpaka ya kumi na moja, matumaini yamepanda, halafu ikafa. Akajaribu mara ya nne, ikafa kwenye ya sita.

Sasa sikieni. Godhana hakuwa mjinga, ingekuwa nafuu kama angekuwa mjinga. Mwalimu wake wa Mombasa aliwaambia mambo mawili, nayo aliyaandika kwenye daftari akayapigia mstari. La kwanza, diski ikiwa mbovu, itakufia pale pale kila siku. Ikiwa leo yafa hapa na kesho yafa pale, ugonjwa hauko kwenye diski. La pili, kitu kikikugomea, anza na kile ulichokigusa mwisho. Na yeye mwisho aligusa nini? Alijua. Jumanne ile saa nne, kijasho kikimtiririka shingoni, alijua kabisa. Ila kijiti kile alikiinua juu mbele ya watu, akapigiwa kigelegele. Kukitoa mbele ya watu wale wale alikuona ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Akajitia hamnazo.

Bwana Khalid akaingia. "Vipi, fundi? Asubuhi yako moja imekuwa ya siku ngapi?"

"Ni hizi diski, mzee," akasema Godhana. "Zimeshika ukungu. Unyevu wa mafuriko umeziingia."

Diski zenyewe hazikuwa na doa hata moja. Bwana Khalid akaguna, akatoka. Kwenye kona, Barwako alikuwa amepiga magoti akipangusa sakafu, na neno lile alilisikia. Ukungu. Hakujua diski ni nini, lakini ukungu aliujua. Chombo kikishika ukungu, maziwa hugeuka, na yeye tangu utotoni alifundishwa dawa yake.

Jumatano alidamka alfajiri. Funguo za ofisi alikuwa nazo yeye. Alichukua makaa machache nyumbani kwenye kigae, akachukua na vijiti vya ule mti anaofukizia vibuyu vya maziwa, akaenda akafungua. Nyuma ya ofisi akakifunika kigae kwa kikapu, akazipanga diski zote kumi na tatu juu ya kikapu. Hakuziunguza, hata kidogo. Mwanamke aliyefukiza vibuyu miaka thelathini anaujua moto wake, anajua moshi ukae umbali gani na upoe vipi. Akazigeuza moja moja, akazipangusa kwa ncha ya leso yake, akazirudisha kisandukuni. Kazi ile aliifanya akiimba chini chini, kwa furaha, kwa sababu alikuwa akimwokoa mwanawe.

Godhana alipofungua kisanduku asubuhi, harufu ikampiga usoni. Harufu ya maziwa ya nyumbani, ya utoto wake. Akageuka, akamwona Barwako amesimama na ufagio, anamtazama kama mtu aliyeficha zawadi.

"Mama mdogo, umefanya nini?"

"Nimefukiza," akasema Barwako. "Yote. Ile ukungu imekwisha sasa. Wewe jaribu tu, mwanangu."

Kwanza alitaka kucheka. Kisha akataka kulia, maana Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Kisha wazo likamjia, na nalisema waziwazi bila kumstiri: lilimjia zuri, lilimjia tamu. Akaketi. Akaingiza diski ya kwanza bila haraka, ya pili, ya tatu. Ilipofika ya saba mashine ikafa, kama alivyojua itakufa. Hapo Godhana akainuka, akaenda mpaka mlangoni kwa mkubwa wake.

"Mzee, hebu njoo unuse."

Bwana Khalid akaja, akainua diski moja kwa vidole viwili, akainusa, akairudisha mezani taratibu.

"Nani huyu?"

"Mimi, bwana," akasema Barwako, na akasogea mbele. Alikuwa akitabasamu, maskini. "Kijana alisema vitu yake iko na ukungu. Mimi nimefukiza. Maziwa yangu haiharibiki hata siku moja. Sasa iko safi."

"Mashallah," akasema Bwana Khalid kwa sauti laini. "Swabra, wacha mashine yako, uje uone. Tangu niingie ofisini sijaona kompyuta ikifukizwa kama mwari. Sasa mama, hina twaitia lini? Tualike na ngoma?"

Watu dirishani wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kwa sauti bwana harusi ni nani. Na Barwako akacheka pia. Alidhani anasifiwa. Alicheka pamoja nao, mkono mdomoni kwa haya, na kadiri alivyocheka ndivyo walivyozidi kumcheka, mpaka Swabra akageuza uso akatazama ukuta.

Bwana Khalid akangoja kicheko kiishe. "Godhana, wewe ndiwe uliyesoma. Moshi huharibu diski?"

Palikuwa na nafasi hapo, tena kubwa. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema zilikuwa zikigoma tangu Jumatatu, kabla ya moshi. Barwako alimtazama, bado ana mabaki ya kicheko usoni, akingoja mwanawe aliyesoma awaeleze hawa watu.

"Huharibu, mzee," akasema Godhana. "Huharibu kabisa."

"Na bila moshi zingepona?"

"Ukungu ningeutoa. Moshi sina dawa yake."

"Haya. Mama Barwako, funguo uziweke mezani."

Hakuelewa. Swabra ndiye aliyemweleza, polepole, kwamba ameachishwa kazi, kwamba aweke funguo aende nyumbani. Barwako akashika fundo la leso, likakataa, akalifungua kwa meno. Funguo akaziweka mezani.

"Nimalizie kufagia ya leo?" akauliza.

"Umeshafagia, mama. Umetufagia sote."

Wakacheka tena kule dirishani, lakini safari hii Barwako hakucheka. Akausimamisha ufagio ukutani mahali pake pa siku zote. Alipompita Godhana akasimama, akamshika bega.

"Mwanangu, nimekuharibia. Nilikuwa sijui."

"Nenda tu, mama mdogo," akasema Godhana, macho kwenye kioo.

Alasiri, foleni imetawanyika na Bwana Khalid amekwenda kuswali, Godhana akachukua bisibisi. Sasa hakuna wa kumwonea haya. Akafungua mashine, akakichomoa kile kijiti cha Mombasa, akakilaza mezani juu ya karatasi yake ya sigara. Akafunga, akawasha, akaingiza diski ya kwanza.

Ikapita. Ya nne ikapita, ya sita, ya saba. Ya tisa, ile iliyogoma ya kwanza kabisa, ikasomeka kama juzuu kwa mtoto aliyeihifadhi. Kila diski aliyoitoa ilimletea puani ule moshi, na kila moja ilikuwa nzima. Ya kumi na tatu ilipomaliza, mashine ikajizima, ikajiwasha yenyewe, na kwenye kioo pakatokea mbingu ya buluu na mawingu yake. Godhana akapiga ngumi hewani. Furaha kwanza. Kisha akaitazama ile diski mkononi mwake, akairudisha kisandukuni haraka.

"Imekubali?" Swabra alikuwa amesimama nyuma yake.

"Imekubali."

"Kwa diski zile zile?"

"Nimezipangusa kwa spiriti. Moshi umetoka."

Swabra akainama juu ya kisanduku, akanusa. "Mbona zanuka bado?" Halafu macho yake yakaenda mezani, kwenye karatasi ya sigara. "Na ile akili uliyoiongeza?"

"Swabra, piga barua zako."

Swabra akakitazama tena kile kijiti. Alikuwa na watoto watatu na mume mgonjwa asiyeamka kitandani. Akarudi kwenye kiti chake, na tapu-tapu za mashine yake ya chapa zikaanza upya.

Nyumba ya Barwako haikuwa mbali. Ilikuwa nyuma ya maduka pale mabasi ya Malindi yanapongoja askari wa kuyasindikiza. Godhana angetoka mlangoni akaita, angeitikiwa. Alikwenda mpaka mlangoni, kweli, akasimama pale dakika nzima. Bwana Khalid akatokea kutoka msikitini, akaona kioo kinang'aa, akampiga mgongoni.

"Aa! Fundi! Moshi umeutoa?"

"Nimeutoa, mzee."

"Basi wewe ni fundi kweli. Yule mama angetutia aibu ya mwaka."

Godhana akacheka. Alhamisi nzima alikaa akijifundisha kufungua fomu na kuzifunga, na barua ya kazi ya kudumu akatiliwa saini jioni hiyo hiyo, Bwana Khalid hakungoja wageni. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Kile kijiti alikuwa amekificha humo humo mfukoni, akakisahau.

Ijumaa wageni wakaja, wawili, na gari lao limejaa vumbi mpaka kwenye vioo. Godhana akawaonyesha. Wakasifu. Wakaletewa viti. Chai ilikuwa inaandaliwa pale Barwako alipobisha hodi.

Alikuwa amevaa nguo yake ya Idi. Mkononi ameshika chupa ya plastiki, ya mafuta ya kupikia, imejaa maziwa. Kwao mtu akimkosea mwenzake haendi mkono mtupu, tena haombi msamaha pembeni, huomba pale pale alipokosea, watu wakisikia.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Nimeharibu kitu ya ofisi. Mtoto wangu ametengeneza, Mungu amsaidie. Lakini kosa ni yangu."

Bwana Khalid aliwatazama wageni, akaona wanamtazama. Akawa mkarimu ghafla, mkono kifuani.

"Sisi hatuna kinyongo, mama. Lakini mwenye diski ni Godhana, na kama ulituletea baraka au balaa atajua yeye. Nampa yeye hukumu, mbele ya hawa wageni. Godhana, mwanangu, sema. Ukisema mama huyu hakuharibu kitu, ufagio wake ule pale ukutani, ashike sasa hivi. Sema."

Hata Swabra aliacha kupiga chapa. Barwako aliutazama ufagio, akamtazama Godhana, na usoni mwake hamkuwa na lawama yoyote, mlikuwa na matumaini matupu. Neno moja tu: hakuharibu. Godhana alilihisi limefika kwenye meno. Nyuma ya neno hilo kulikuwa na maswali mengine, nani basi aliyeharibu, ukungu uko wapi, na kile kijiti kilikwenda wapi, na wageni wenyewe walikuwa watu wa kompyuta, wangeuliza. Mkono ukapanda mfukoni kugusa barua, ukagusa kijiti.

"Nimekusamehe, mama mdogo," akasema.

Barwako akafumba macho. Akamshika mkono akaubusu mgongoni, mara mbili, machozi yanamtoka. "Mungu akupe. Mungu akupe, mwanangu. Sikulala mimi."

Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema kijana ana moyo safi.

"Umesikia, mama," akasema Bwana Khalid. "Umesamehewa. Aliyesamehewa basi ana kosa, na ufagio hatuwezi kumpa mwenye kosa. Nenda salama, na Fardosa umsalimie."

Barwako akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama aliyeonyeshwa njia. Hakubisha. Akafungua chupa, akakuta kikombe kitupu cha chai mezani, akamimina maziwa mpaka juu, akampa Godhana kwa mikono miwili.

"Kunywa. Haina moshi hii, usiogope. Chupa nimeosha na sabuni. Kibuyu yangu yote nimevunja, nisiharibu tena kitu ya mtu."

Baadhi ya vibuyu vile vilikuwa vya mama yake Barwako, nyanya yake Godhana. Mafuriko yalivipita, yeye akivibeba kichwani maji yakiwa kifuani. Godhana alivijua kimoja kimoja, alinywea humo kabla hajaota meno. Akapeleka kikombe mdomoni. Yalikuwa yamepoa, yana ladha ya sabuni, na chini ya sabuni hapakuwa na kitu.

"Tamu?" akauliza Barwako.

Watu wote walikuwa wakimtazama.

"Tamu," akasema Godhana, na akanyoosha kikombe aongezewe.